Herufi Mbili Chini ya Kutu

Wekeni msasa chini kwanza. Na wewe uliyekwenda dukani kununua stili waya ili uking'arishe kisu cha babu yako, mpe mama akasugulie sufuria, ndiyo kazi yake. Nawaandikia ninyi wajukuu zangu, wa damu na wasio wa damu, kwa sababu hamwishi kunijia na singe za zamani mlizozisugua mpaka zinang'aa kama vijiko vya harusi. Mnasimama mlangoni uso umejaa furaha, mnangoja niwasifu. Mimi nakichukua kile kisu, nakigeuza huku na huku, halafu nasema, "Pole." Mnatazamana. Mnadhani uzee umenipitia.

Mimi ni fundi wa ala. Ala ni nyumba ya kisu, ile ya ngozi ambayo kisu kinalala ndani yake. Nilijifunzia Igamba, kwa Mzee Halinga, mfua chuma wa Kinyiha kama mimi, halafu nikahamia Tunduma, nikafungua kibanda kando ya barabara iendayo ng'ambo. Zilikuwa enzi za Mwingereza, na Tunduma yenyewe ilikuwa vibanda vichache na vumbi. Mtu akileta kisu nikishonee ala, lazima nikipime, nikishike, nikitazame mwili mzima. Ukishatazama miili ya visu kwa miaka mingi unakuwa tabibu wake hata kama hukuomba.

Na visu vya vita vilikuwa vingi kuliko mnavyodhani. Vita vya Mjerumani vilipita huku kwetu, vikaacha singe zimechomekwa kwenye mapaa ya nyasi. Baadaye wakarudi vijana waliopelekwa Burma, nao na vya kwao. Yalikuwepo pia majambia yaliyokuja na misafara ya Waarabu, ya zamani hata wenyewe hawakujua ni ya babu yupi. Wengi wa walioniletea hawakuwa na kitu cha kukata. Kisu kilikuwa kimebaki, mtu hakurudi. Mwanzoni sikulielewa hilo, nilidhani nashughulika na chuma tu.

Mzee Halinga aliipa kutu majina. Kutu nyekundu, ile inayoacha unga kidoleni, aliiita mgeni. Kutu nyeusi, ile iliyotulia juu ya chuma ikawa kama ngozi yake, aliiita mwenyeji. Ukimpelekea kisu, kabla ya salamu kuisha alikuwa amekwisha kukifuta kwa kitambaa cheupe na kukitazama kitambaa, siyo kisu. Kitambaa kikitoka chekundu, anasema, "Mgeni yumo, anakula." Kikitoka safi, hata kama kisu ni cheusi tii, anakurudishia. "Mwenyeji huyu. Mpake mafuta, mwache akae kwake." Watu walikasirika. Mtu ametembea toka Msangano, jua kali, anataka kisu chake king'ae, mzee anamwambia kiko salama, nenda nyumbani.

Nina rafiki yangu, mtu wa Ikinga kule milimani Ileje, alikuwa mpishi wa bwana shauri, Mzungu wa serikali. Huyu alikuwa msafi kupita kiasi, nadhani angeweza hata kuni kuziosha kabla hajaziwasha. Bwana wake alikuwa na jambia la kale ukutani, lina maua yaliyopakwa fedha kwenye mpini, na fedha ile ilikuwa imeingia weusi. Siku bwana alipokuwa safarini, rafiki yangu akaliteremsha. Jivu la jikoni, unga wa tofali, gunzi la mahindi. Alilisugua kwa mapenzi yote, akaja kunionyesha kabla ya kulirudisha.

"Fundi, hebu tazama! Lilikuwa chafu, sasa unaweza kujiona uso."

"Na maua yako wapi?"

Akaligeuza. Akaligeuza tena. "Yalikuwa hapa," akasema, na sauti imepungua.

Bwana shauri aliporudi alinyamaza kutwa nzima, ndivyo nilivyoambiwa, halafu akaomba chai. Kazi hakufukuzwa, walivumiliana. Lakini kwa miaka mingi rafiki yangu alikuwa akipita kibandani ananiuliza, "Fundi, hivi yale maua hayawezi kurudi?" Mimi namjibu, "Mpaka uyapande." Tunacheka, ila nilikuwa naona bado yanamuuma.

Mwingine alikuwa askari mstaafu aliyesikia kwamba limao linaondoa kutu. Ni kweli, linaondoa. Alikiloweka kisu chake kwenye maji ya malimao akakisahau, na alipokitoa kutu ilikuwa imekwenda pamoja na ngozi ya chuma, kimebaki cha kijivu, kina vishimo kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Nilikipaka mafuta tu. Sikuwa na lingine la kukifanyia.

Basi shikeni haya, maana ndiyo niliyoyaona kwa macho. Kisu cha kale usikishike mwilini kwa mikono mitupu, jasho la mkono ni chumvi, na alama ya vidole vyako itaota kutu mwezi ujao. Kwenye mgeni, yaani kutu nyekundu, dondoshea mafuta ya taa kwa unyoya wa kuku, halafu subiri. Kusubiri ndiyo kazi yenyewe. Kutu ikilainika, ikwangue kwa kijiti cha mwanzi kilichochongwa, siyo kwa chuma, maana mwanzi ukikutana na chuma unachakaa wenyewe na kisu kinabaki. Futa kwa kipande cha khanga kuukuu iliyofuliwa mara nyingi. Kisha paka mafuta ya nyonyo, yaani ya mbarika, kidogo sana, kisu hakikaangwi. Mpini wa pembe au wa mti upake nta ya nyuki. Maji usiyaweke karibu.

Na usikihifadhi kisu ndani ya ala. Hapo ndipo wateja walipokuwa wakinicheka. "Fundi wa ala anakataza ala! Utakula nini?" Lakini ngozi hunywa unyevu wa masika na kuutunza, na dawa iliyoilainisha ngozi nayo huuma chuma. Kutu mbaya kuliko zote utaikuta pale mdomo wa ala unapokumbatia kisu, karibu na mpini. Kisafiri ndani ya ala, kilale nje yake, kimefungwa kwenye kitambaa kikavu chenye mafuta. Mimi nilikuwa nikiwashonea ala nzuri na kuwaambia wasiitumie, na bado walirudi.

Mahali hapo hapo, mdomoni mwa ala, ndipo yalipokuwa mambo ya Tabita.

Walikuja wawili, asubuhi, miaka ya hamsini mwanzoni. Lameki nilimjua, alikuwa mkulima na mfanyabiashara, mrefu, mcheshi, mtu wa kusikika kabla hajaonekana. Aliyefuatana naye ndiye Tabita, mwanamke mtu mzima, mama wa watoto, mkulima kutoka Msangano. Baba zao walikuwa ndugu, mtu na mdogo wake, kwa hiyo alimwita Lameki kaka. Wote wawili ni Wanamwanga. Kisu chao kilikuwa singe ya Mjerumani iliyokatwa ikafanywa fupi, kisu cha kiunoni. Ncha yake ilikuwa inang'aa. Kuanzia katikati kwenda mpinini kilikuwa cheusi, na kwenye shina, pale mdomo wa ala ulipokuwa, kimevaa kutu nyekundu nene kama ukoko.

"Hapo nchani nimeanza mwenyewe kwa mchanga," Lameki alisema. "Dada yangu huyu akanililia nikilete kwako. Haya, maliza, king'ae chote. Wazee wamenikabidhi mimi. Kilikuwa cha baba mdogo, baba yake huyu, na jina la ukoo limeandikwa. Sinyangwe. Si unaliona?"

Niliinamisha kisu kwenye mwanga. Kweli, mtu alikuwa amekwaruza herufi kwa ncha ya msumari kwenye ubapa, jina likianzia mpinini kuelekea nchani. Lakini mwanzo wake ulikuwa umeingia chini ya ule ukoko mwekundu.

"Naona Nyangwe," nikamwambia. "Mbele yake naona kutu tu."

"Sasa mbele ya Nyangwe, kwenye singe ya mwanaume, utaweka nini?" Akacheka, na mimi nikacheka.

Kama si mtu wa huku, nikueleze. Kwa Wanamwanga jina la ukoo lina mlango wa wanaume na mlango wa wanawake. Mwanaume ni Sinyangwe, dada yake ni Nanyangwe. Akiolewa habadilishi, anabaki Nanyangwe mpaka kaburini. Nilikuwa nimeishi nao miaka, nilijua vizuri kabisa, na bado hata mimi nilipoona pengo kwenye kisu cha vita nililijaza kwa Si. Ukoo mzima ulikuwa umelijaza hivyo tangu kisu kilipoletwa. Hakuna aliyewahi kujiuliza.

Isipokuwa yule mama. Yeye hakucheka.

Lameki akatoka kwenda mpakani, nikamsikia akiwasalimu kwa kelele Wabemba waliobeba samaki wakavu, "Mulishani, mulishani!" Tabita akabaki amekaa kwenye kigoda changu, mikono mapajani.

"Fundi, nikuulize kitu, lakini usinicheke."

"Uliza, mama."

"Baba alichukuliwa vitani mimi niko tumboni. Nilipozaliwa, bibi alimtuma kijana wa ukoo aliyekuwa anakwenda huko kubeba mizigo. Akamwambia, ukimkuta mwanangu, mwambie ni msichana. Kijana yule hakurudi. Baba naye alikufa kwa homa huko kusini. Mwenzake ndiye aliyeleta hiki kisu, akampa babu, akasema ni chake, akalia, akaenda. Hakuna aliyemuuliza zaidi, na sasa naye ni marehemu. Mimi kisu sikitaki, ni cha kaka. Nataka kujua kama ule ujumbe ulifika."

Sikucheka. Nilikaa chini.

"Huwa najiambia chini ya hiyo kutu ni Na," akasema. "Toka utoto najiambia hivyo. Mama alikuwa ananiona nimekishika, ananinyang'anya, anasema nitajikata. Nikiwa na shida naenda kukitazama. Sasa ukikisafisha tukakuta ni Si, basi alikufa hajui kama nipo. Nitakuwa nimejinyang'anya mwenyewe. Wewe ungekuwa mimi, ungekisafisha?"

Wanangu, nimeulizwa maswali mengi kwenye kile kibanda na mengi nimeyajibu bila hata kuinua macho. Kwa hilo niliinua macho. Kusema kweli nilimhurumia mpaka nikatamani kumwambia kirudishe nyumbani, amini unavyoamini, hakuna atakayekukataza. Lakini mkono ulikuwa umekwisha kuchukua kitambaa cheupe, kwa mazoea tu, na nilipoufuta ule ukoko kitambaa kikatoka chekundu kama udongo wa Mbozi.

Nikamwonyesha. "Mama, hii kutu ni hai. Kila masika inachimba, na maandishi ya msumari hayana kina. Ukikiacha, itafika siku hapa hakuna Na wala Si. Siwezi kukuahidi nitakuta nini. Inawezekana imekwisha kula, tukute chuma kitupu. Ila nikikisugua anavyotaka kaka yako, hapo ndipo nina uhakika hatutakuta kitu."

Aligeuka akaitazama barabara. Halafu akasema, "Anza. Lakini mimi sitazami."

Alifikia kwa jamaa zake pale pale Tunduma, na kila asubuhi alikuja na ungo wa karanga, anakaa mlangoni amenipa mgongo, anabangua. Mimi nilikuwa nadondosha mafuta ya taa kwa unyoya, nangoja, nakwangua punje, nafuta, nangoja tena. Lameki akipita anachungulia. "Bado tu? Mnaatamia mayai humo? Nipe mchanga mkavu na gunzi, nitawamalizia kabla ugali haujaiva!"

"Nenda kauze samaki wako," namwambia, na Tabita alikuwa anatabasamu bila kugeuka. Tulianza kuzungumza, mambo ya mvua, ya watoto wake, ya mkwe wake asiyependa chumvi. Nilimpenda yule mama kama ndugu. Na kadiri nilivyompenda ndivyo mkono wangu ulivyokuwa mzito, maana sasa na mimi nilikuwa na herufi niliyoitaka, na mtu anayekwangua akiwa na herufi anayoitaka anaweza kuichora mwenyewe. Mlijue hilo. Kijiti kinafuata ulichokikuta, hakikisaidii. Siku nilizojiona natamani mno niliweka kisu chini nikaenda kushona.

Nilikuwa naanzia upande wa jina linaloonekana, narudi kuelekea mpinini. Kwa hiyo herufi ya kwanza kukutana nayo ilikuwa ile ya pili. Kama ni Si, nitakuta I, na I ni mti uliosimama, haina mengine. Asubuhi moja ukoko ukaachia kipande, nikafuta, nikaona mstari mwembamba mweusi.

Mstari ulikuwa umeinama.

Niliweka kijiti chini. Nikanywa maji. Mtu anaweza kuandika I imeinama, nikajiambia, hasa askari aliyekaa chini porini na msumari. Nikaendelea. Ukatoka mstari wa pili, umeinama kwa kuelekea wa kwanza, vichwa vimegusana kama miti ya paa. Ule mstari mdogo wa katikati haukuwepo, kutu ilikuwa imekwisha kuula. Nikasogea tena kuelekea mpinini. Wima, mshazari, wima. Hakuna mkunjo hata mmoja, na S haiwezi kuandikwa bila mkunjo. Nilifuta kwa khanga, nikapaka tone la nyonyo, ili herufi ziinuke. Macho yangu yalikuwa yameanza kulengwa na machozi.

Lameki aliingia wakati huo huo, mdomo umefunguka tayari kwa mzaha. Akaniona uso. Akainama juu ya kisu, akafuata maandishi kwa kidole bila kuyagusa, midomo inacheza. Alisoma mara ya kwanza, akarudia. Akavua kofia.

"Babu hakuwa na binti," akasema polepole, nadhani alikuwa anajiambia mwenyewe. "Alizaa wavulana watupu. Nyumba nzima ile haikuwa na Nanyangwe hata mmoja mpaka alipozaliwa..."

Hakumaliza. Tabita alikuwa ameacha kubangua. Mgongo wake ulikuwa umenyooka, na bado hakugeuka.

Kile kisu hakikung'aa, wanangu. Mpaka leo ni cheusi, isipokuwa ncha ile aliyoisugua Lameki, na kiko nyumbani kwa Tabita, maana Lameki mwenyewe alikibeba kwa mikono miwili akakiweka mapajani mwake, akasema wazee atawaeleza yeye. Jina la Tabita lilikuja na ubatizo, baba yake hakulisikia kamwe. Yeye aliambiwa ni msichana tu, basi akatafuta msumari, akamwandika kwa jina ambalo alijua lazima analo. Kitu kama hicho ndicho kinachoweza kuwa chini ya msasa wenu.

Lakini hayo ni ya baadaye. Asubuhi ile, Lameki akiwa amesimama na kofia mkononi, aliniambia, "Msomee, fundi. Mimi siwezi."

Nikakiinua kisu kwenye mwanga wa mlango nikasoma kwa sauti, kama kilivyoandikwa:

"Nanyangwe."

Na yule mama, mtu mzima, mwenye watoto wake na mkwe wake, ambaye hajawahi kuitwa na baba yake hata siku moja, aliitika kabla hajageuka, kwa sauti nyembamba kama ya msichana aliyeitwa kutoka jikoni:

"Abee, baba."